Bima kwa anayejiajiri: ipi ukate kwanza, na usome nini kabla ya kusaini

Mwajiriwa akianguka ngazini kazini, mara nyingi kuna fidia ya wafanyakazi na likizo ya ugonjwa yenye malipo, na mwajiri ndiye anayeulizwa kuhusu vioo vilivyovunjika pale chini. Anayejiajiri akianguka kwenye ngazi hiyohiyo, kipato kinasimama saa hiyo, matibabu ni juu yake, na bili ya vioo inaandikwa kwa jina lake. Ndiyo maana bima yake haiwezi kuwa karatasi moja ya kumridhisha mteja. Ni mikataba miwili mitatu, na kwa kuwa fedha za kuilipia yote kwa mkupuo huwa hazipo, lazima ijulikane ipi inatangulia.

Usianze na bei, wala na kile wakala alichokuja kukuuzia. Anza na hasara. Chukua karatasi, andika kila balaa linaloweza kutokana na kazi yako, kisha mbele ya kila moja andika kiasi cha juu kabisa kinachoweza kukutoka. Halafu jiulize kwa kila mstari: nikililipa hili mwenyewe, mwezi ujao bado nitakuwa kazini? Simu ikiibiwa utaumia, utanunua nyingine. Jengo likipata ufa kwa sababu ya hesabu ulizopiga, umekwisha. Mistari ya aina hii ya pili ndiyo ya kukatiwa bima kwanza, hata kama ni nadra kutokea. Ile ya aina ya kwanza ni kazi ya akiba. Wengi hufanya kinyume: wanakatia bima kompyuta kwa sababu wanaiona mezani kila siku, na wanaacha dhima, yaani wajibu wa kulipa hasara uliyomsababishia mwingine, kwa sababu haijawahi kuwapata.

Bima ya mteja si yako

Mkandarasi mdogo akiambiwa "mradi huu una bima," hutulia. Asitulie. Bima ya mwenye mradi inamlinda mwenye mradi. Ukisababisha moto kwenye jengo lake, kampuni yake ya bima itamlipa yeye, kisha itavaa viatu vyake na kukudai wewe kiasi ilicholipa. Hiyo ni haki ya kawaida ya kampuni ya bima duniani kote, na hutumika. Kuna njia mbili tu za kuwa salama chini ya bima ya mwingine: jina lako liandikwe ndani ya mkataba huo kama mmoja wa waliokatiwa bima, au kampuni iandike kwamba imeachia haki ya kukufuata. Omba kiambatisho chenye maneno hayo ukisome mwenyewe. Ahadi ya mdomo kutoka kwa msimamizi wa mradi haina thamani siku ya madai.

Vivyo hivyo kwa bima ulizonazo nyumbani. Bima ya nyumba kwa kawaida haigusi vifaa vya biashara, au inavilipa kidogo mno. Bima ya gari la matumizi binafsi inaweza kukataa kabisa ajali iliyotokea ukiwa umebeba mizigo au abiria kwa malipo, hata kama ni bima kubwa. Iambie kampuni yako ya bima, kwa maandishi, kwamba gari linatumika kazini. Ada itapanda kiasi, lakini afadhali hiyo kuliko kulipia gari mwaka mzima na kukuta siku ya ajali huna kitu.

Dhima kwa umma: nini hulipwa, nini hakilipwi

Hii ni kwa kila ambaye kazi yake inamkutanisha na watu au mali za watu: mafundi, wapiga picha za sherehe, wapambaji, wakufunzi wa mazoezi. Inalipa majeraha na uharibifu wa mali uliosababisha kwa uzembe au bahati mbaya.

Mfano mmoja utaonyesha mipaka yake. Mchomeleaji anafunga geti. Cheche inaruka na kutua kwenye godoro lililoegemezwa ukutani, chumba kinaungua. Chumba na vilivyomo ndani yake vinaingia kwenye bima. Wiki mbili baada ya makabidhiano, bawaba inakatika na geti linaangukia gari la mteja. Gari linaweza kulipwa, ila tu kama mkataba unagusa pia madhara yanayotokea baada ya kazi kukabidhiwa. Mikataba ya bei nafuu mara nyingi huishia siku ulipofungasha vifaa. Na geti lenyewe? Halilipwi. Kurudia kazi mbovu ni gharama yako, kwa sababu bima hii haidhamini ubora wa kazi, inadhamini madhara yake kwa wengine.

Rudi kwenye ile cheche. Mikataba mingi huweka sharti maalumu kwa kazi za moto: vitu vinavyoshika moto viondolewe au vifunikwe, kizimamoto kiwe karibu, na mtu abaki akiangalia eneo kwa dakika 30 au 60 baada ya kumaliza. Tafuta sharti hilo kwenye mkataba wako, ujue ni dakika ngapi, na uandike kwenye daftari la kazi saa uliyozima mashine na saa uliyoondoka. Mistari hiyo miwili ndiyo mtathmini atakayoomba kuiona.

Pengo jingine ni mali ya mteja iliyo mikononi mwako. Fundi simu, fundi cherehani, mtu wa kusafisha mazulia: kitu ulichokabidhiwa ukitengeneze kwa kawaida kimeondolewa kwenye dhima kwa umma. Kinahitaji nyongeza yake, inayotaja mali za wateja zilizo chini ya uangalizi wako na kiasi cha juu kwa kila kitu kimoja.

Dhima ya kitaaluma: tarehe ndiyo kila kitu

Mhasibu, mbunifu, mfasiri, mshauri, mtengeneza programu na mhandisi hawavunji vioo. Wanakosea tarakimu, wanachelewesha, wanatumia picha yenye hakimiliki, wanafuta kanzidata ya mteja. Hasara hiyo ni ya fedha tupu, na dhima kwa umma haiigusi. Inahitaji bima ya dhima ya kitaaluma.

Hapa ndipo watu wengi wenye bima hujikuta hawana bima. Dhima kwa umma mara nyingi huangalia tukio lilitokea lini: kama mkataba ulikuwa hai siku hiyo, unalipa hata dai likija baada ya miaka. Dhima ya kitaaluma kwa kawaida huangalia dai lilikufikia lini. Mkataba unaolipa ni ule ulio hai siku mteja alipokudai, si ule uliokuwa hai siku ulipokosea.

Tuseme mfasiri alifanya kazi mwaka 2022 akiwa na bima. Mwaka 2024 hakuhuisha. Mwaka 2025 mteja anagundua kosa katika kipimo cha dawa kwenye kijitabu alichotafsiri, na anamdai. Mkataba wa 2022 umekwisha, na mpya hana. Ada zote alizolipa hazimsaidii chochote. Kosa halikuwa kwenye kukata bima, lilikuwa kwenye kuiacha.

Kwa hiyo kagua tarehe tatu kwenye jedwali la mkataba, yaani ule ukurasa wa mbele wenye jina lako na viwango. Ya kwanza ni siku mkataba unapoanza, ya pili ni siku unapokwisha. Ya tatu, ambayo wengi hawaitafuti, ni tarehe ya kurudi nyuma: kazi uliyofanya kabla ya siku hiyo haihesabiki hata dai likija leo. Unapohama kampuni, hakikisha kampuni mpya inaibakiza tarehe yako ya zamani. Ikiandika tarehe ya leo, umeifuta historia yako yote ya kazi kwa saini moja, pengine kwa sababu ya punguzo dogo la ada. Na ukistaafu, ukibadilisha fani au ukiajiriwa, nunua muda wa nyongeza wa kupokea madai ya kazi za nyuma. Urefu wake unategemea sheria za nchi yako zinampa mteja miaka mingapi ya kukushtaki.

Angalia pia gharama za wakili ziko wapi. Kama kiwango cha juu ni 10,000,000 na gharama za utetezi zinakatwa humohumo, kesi iliyokula 3,000,000 za wakili inakuachia 7,000,000 za kumlipa mteja. Kama utetezi uko nje ya kiwango, zote 10,000,000 zinabaki. Halafu uliza kama kiwango hicho ni kwa kila dai au ni kwa mwaka mzima. Maneno yanafanana, fedha hazifanani.

Usitegemee bima hii ilipe ahadi ulizozidisha mwenyewe. Ukisaini kwamba mauzo ya mteja yatapanda kwa kiasi fulani, au ukikubali faini ya kila siku ya kuchelewa, hilo ni deni la mkataba wako na kampuni kwa kawaida hailigusi. Udanganyifu na makusudi hayalipwi popote. Na kama una wateja wa nje, soma kifungu cha eneo na mamlaka ya mahakama: mikataba mingi inayotangaza "dunia nzima" inaacha nje madai yanayofunguliwa Marekani na Kanada, kwa sababu ya ukubwa wa gharama za kesi huko.

Mwili wako ndio mtaji

Kwa fundi au mwandishi asiye na mwajiri, kuugua miezi sita kunaweza kufunga biashara kuliko kesi yoyote. Bima ya afya inalipa hospitali, hailipi kodi ya nyumba. Bima ya ajali binafsi inalipa kiasi kilichotajwa kwa kiungo kilichopotea au kwa kila wiki ya kushindwa kazi, lakini kwa ajali tu. Mgongo uliochakaa taratibu au kiharusi havihusiki humo. Kinachoziba pengo hilo ni bima ya kulinda kipato, inayokulipa kila mwezi unaposhindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au ajali, kwa kawaida kati ya asilimia 50 na 70 ya kipato chako.

Mambo manne yanaamua kama itakufaa. La kwanza ni tafsiri ya "kushindwa kazi." Tafuta maneno yanayosema kushindwa kazi yako mwenyewe. Yakisema kushindwa kazi yoyote ile, mpiga gitaa aliyepoteza kidole anaweza kuambiwa akauze tiketi, na asilipwe. La pili ni siku za kusubiri kabla malipo hayajaanza: 30, 60, 90 au 180. Kadiri zinavyoongezeka ndivyo ada inavyopungua, kwa hiyo linganisha na akiba. Mwenye akiba ya miezi mitatu hana sababu ya kulipia kungoja siku 30. La tatu ni malipo yanadumu mpaka lini: mwaka mmoja, miwili, mitano, au hadi umri wa kustaafu.

La nne ni kipato chenyewe, na hapa anayejiajiri hujikaba mwenyewe. Kampuni haiangalii jumla ya ankara ulizotoa, inaangalia kilichobaki baada ya gharama, tena kwa wastani wa mwaka mmoja hadi mitatu, kwa ushahidi wa hesabu na ritani za kodi. Ukikatia bima kipato cha 1,000,000 kwa mwezi huku ritani inaonyesha 400,000, utalipa ada inayokokotolewa kwa kipato cha 1,000,000, lakini utalipwa asilimia ya 400,000. Weka taarifa za benki, mikataba na ankara kwa mpangilio, hata kama kazi ni ndogo. Ukiwa mjamzito, una ugonjwa wa zamani, au uliwahi kulazwa, sema kwenye fomu. Maradhi ya kabla yanaweza kuondolewa au kuongezewa ada, lakini yaliyofichwa yanaweza kubomoa mkataba mzima.

Vifaa

Kosa hapa ni la hesabu. Ukivikatia bima kwa thamani ndogo ili ada ipungue, unahesabiwa kuwa umebeba sehemu iliyobaki mwenyewe. Vifaa vyako vina thamani ya 4,000,000, umeandika 2,000,000. Kamera ya 1,000,000 inaibiwa. Kwa kuwa ulikatia nusu, utalipwa nusu: 500,000, kisha inatolewa eksesi, yaani kiasi cha kwanza cha kila hasara unachobeba mwenyewe. Kama eksesi ni 100,000, unapokea 400,000. Uliza pia kama wanalipa bei ya kifaa kipya au bei ya leo baada ya uchakavu. Kompyuta ya miaka minne kwa njia ya pili inarudisha fedha kidogo sana.

Wizi una masharti yake: mara nyingi lazima kuwe na dalili za kuvunja, na vifaa vilivyoachwa ndani ya gari usiku havilipwi. Orodhesha namba ya utambulisho (serial number) ya kila kifaa, piga picha, na uhifadhi orodha hiyo mbali na kompyuta inayoweza kuibiwa.

Ukiwa na msaidizi

Siku unapomlipa mtu akushikie ngazi, unaweza kuwa umekuwa mwajiri machoni pa sheria, hata kama mnamwita kibarua. Nchi nyingi zinalazimisha bima ya fidia kwa wafanyakazi. Na ukimpa mkandarasi mwenzako sehemu ya kazi, chukua nakala ya cheti chake cha bima kabla hajaanza. Asipokuwa nacho, madhara yake yanaweza kukurudia, na kampuni yako ikaongeza ada kwa malipo uliyompa au ikakataa dai kabisa.

Kununua

Jua unazungumza na nani. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni ya bima. Dalali wa bima anafanya kazi kwa niaba yako na anaweza kulinganisha kampuni kadhaa, ingawa kamisheni yake kwa kawaida hutoka kwa kampuni. Wote wawili wanapaswa kuwa na leseni ya msimamizi wa bima wa nchi. Ihakiki kabla ya kutoa fedha, na lipa kwenye akaunti ya kampuni.

Kwenye fomu, eleza kazi zako zote kwa maneno ya kawaida. "Fundi umeme" aliyefunga pia paneli za jua juu ya paa amefanya kazi ya juu ambayo haikutajwa, na kampuni itaiona siku ya kuanguka. Ukianza huduma mpya katikati ya mwaka, waandikie. Mapato unayoyakadiria mwanzoni hulinganishwa na halisi mwishoni, na ada hurekebishwa.

Kabla ya kusaini, omba mkataba wenyewe, si kipeperushi. Anza kusoma kutoka kwenye yasiyolipwa, kisha masharti, kisha rudi kwenye yanayolipwa. Kama mteja amekupa mkataba wa kazi, uweke pembeni na ulinganishe: kiwango cha juu anachotaka, kama anataka jina lake liongezwe, na kama kuna kifungu kinachokutaka ubebe hasara zake zote hata zisizotokana na wewe. Kifungu cha namna hiyo kinavuka bima yako. Omba kipunguzwe kiishie kwenye uzembe wako, na dhima yako iwe na kikomo kisichozidi kiwango cha bima.

Ukilipa kwa awamu, jua siku ya awamu inayofuata. Mkataba unaweza kufa kimyakimya kwa awamu moja isiyolipwa, na mteja akaendelea kushika cheti kisicho na uhai.

Jambo likitokea

Zuia hasara isiongezeke: funga maji, zima umeme, badilisha nywila. Piga picha kabla ya kusogeza chochote, na usitupe kilichovunjika. Kukiwa na wizi au majeruhi, toa taarifa polisi na uchukue namba ya jalada.

Kisha usikiri kosa wala kuahidi kulipa. Hili ni gumu, maana utu unakutaka umpoze mteja. Muulize hali, msaidie, mwambie umepokea malalamiko na unayafanyia kazi. Lakini ujumbe wa "samahani, ni kosa langu, nitalipa" unaweza kuipa kampuni sababu ya kujitoa, kwa sababu mkataba huipa kampuni haki ya kuendesha utetezi.

Iarifu kampuni kwa maandishi mapema, ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Pengine ni siku chache tu. Kwa dhima ya kitaaluma usingoje barua ya wakili. Barua pepe ya mteja yenye "hatujaridhika na hesabu hizi" inatosha kuripotiwa kama hali inayoweza kuzaa dai. Ukiiripoti mkataba ukiwa hai, kwa kawaida dai litahesabiwa ndani ya mkataba huo hata likija mwaka unaofuata. Ukiinyamazia mpaka wakati wa kuhuisha, mkataba wa zamani utakuwa umefungwa, na mpya utasema ulilijua jambo hili kabla.

Tunza namba ya dai, jina la kila uliyezungumza naye na tarehe. Dai likikataliwa, omba kifungu kilichotumika kwa maandishi, ukisome neno kwa neno, jibu kwa ushahidi, kisha nenda kwa kitengo cha malalamiko cha kampuni. Likishindikana hapo, kwa msimamizi au msuluhishi wa bima. Usisaini hati ya malipo ya mwisho ukiwa bado unabishania kiasi, kwa sababu saini hiyo kwa kawaida inafunga dai lote.